Boliti Kumi na Mbili za Wes Rodda

Niseme mapema kabisa: mimi si mtu wa maneno matamu. Kazi yangu ni kuondoa kutu. Mtu akiniletea chuma kilichooza nitamwambia kimeoza, hata kama kilikuwa cha marehemu babu yake. Hapa mjini Moonta wananiita Thora Asidi, na wanadhani sijui.

Karakana aliianzisha baba yetu, mzee Kitto, na alipokufa tukairithi mimi na kaka yangu Clem. Mimi nina miaka sitini na tatu, Clem sitini na saba, na hatujawahi kukubaliana hata saa ya kufungua mlango. Watu wanaofufua magari ya zamani wanatuletea vipande vyao kutoka rasi nzima, wengine mpaka kutoka Adelaide: bawaba, springi, vishikizo vya milango, boliti na nati za kila aina. Tunavisugua, tunavichovya kwenye asidi, tunavipaka zinki kwa umeme, halafu tunavipitisha kwenye dawa ya mwisho inayovipa ile rangi ya dhahabu viliyotoka nayo kiwandani. Mwenye gari akija kuchukua, anainua boliti moja kwenye mwanga na kuigeuzageuza kama mtu anayekagua yai. Wengine wanalia. Wanaume wazima, wanalilia nati.

Garnet Rodda hakuwa wa kulia. Ni mkulima wa shayiri, mrefu, mgumu wa maneno, na shamba lake liko maili nne nje ya mji. Alikuja mwezi wa Machi na makopo saba ya jemu, kila moja limeandikwa kwa penseli kilichomo na kilikotoka. Mlikuwa na boliti zote za pikapu ya marehemu baba yake, Wes; gari lenyewe ni Holden ya mwaka hamsini na tano, ambayo ilikuwa imekaa bandani miaka ishirini kuku wakitagia kwenye kiti.

"Nataka hizi hizi," akasema. "Usije ukanibadilishia."

"Nikubadilishie ili iweje? Nizivae masikioni?"

"Nakwambia tu, Thora. Mzee alizifungua na kuzifunga kwa mkono wake miaka hamsini. Gari nimelipaka rangi upya, viti vipya, mpaka vioo vipya. Boliti ndizo zilizobaki zake."

Nikamuuliza anataka lini. Akasema kabla ya gwaride la magari ya zamani, Jumamosi ya tatu ya Mei. Nikamwambia ana haraka ya nini, gari limesubiri miaka ishirini, likisubiri mwaka mmoja zaidi litakufa?

"Mama anataka kupanda," akasema. "Alitokea kanisani na gari hilo siku ya harusi yake. Anataka apite nalo barabara kuu mara moja tena. Ana miaka tisini, Thora. Siwezi kumwambia mwaka ujao."

Basi nikakubali. Elva Rodda, mama yake, hakuna asiyemjua hapa. Alinifundisha shule ya Jumapili nikiwa mdogo na alinipiga kofi moja ambalo nililistahili.

Nikayapanga makopo juu ya benchi. Moja liliandikwa MBELE, na ndani yake mlikuwa na boliti kumi na mbili fupi, nene, zinazoshika magurudumu ya mbele na mikono ya usukani. Hizo ndizo nilizoziweka kando, na lazima nieleze kwa nini, maana shida yote imetoka humo.

Chuma cha kawaida ukikichovya kwenye asidi na kukipaka zinki, kazi imekwisha. Chuma kigumu, kile kilichokomazwa kwa moto kibebe uzito, kina tabia nyingine. Asidi na umeme vinaingiza gesi ndani yake. Huioni, huinusi. Boliti inang'aa, unaifunga, inakaa siku mbili, inakaa wiki tatu, halafu siku moja imebeba mzigo wake kama kawaida inakatika ghafla, bila kupinda, bila ishara. Dawa yake ni moja tu. Ikitoka kwenye zinki, kabla ya rangi ya dhahabu, unaiingiza kwenye tanuri la nyuzi mia mbili na kuiacha muda wa saa nane, gesi itoke. Baba alitufundisha hilo kabla hajatufundisha kitu kingine chochote. Kwenye tanuri lake kuna sahani ya karatasi inayozunguka na kalamu inayochora joto la siku nzima, ili mtu asije akasema aliangalia na hakuangalia.

Boliti za Garnet nilizitoa kwenye zinki Jumanne moja ya Aprili, na saa nne asubuhi zilikuwa tanurini. Nikafunga mlango, nikatazama kipimo, mia mbili. Nikamwambia Clem, "Usiguse mpaka saa kumi na mbili jioni." Akasema, "Ndiyo, bosi," kwa ile sauti yake inayonichefua. Mimi nikaenda Kadina kuchukua mapipa ya asidi.

Niliporudi ilikuwa saa saba na pasti yangu ilikuwa juu ya benchi, imefungwa kwenye kitambaa. Verna, mke wa Clem, ndiye anayetutengenezea. Sisi wa hapa ni wajukuu wa wachimba shaba waliotoka Cornwall, na pasti ndiyo tuliyokulia: unga umekunjwa juu ya nyama, viazi na vitunguu, na kwenye pembe moja mpishi anachonga herufi ya jina la mwenyewe ili watu wasigombane. Yangu ina T, ya Clem ina C. Siku hiyo kulikuwa na baridi na upepo wa kusini, na nilikuwa nimeshusha mapipa sita peke yangu. Nikaila nimesimama.

Jioni Clem akazitoa boliti. Kesho yake nikazipa rangi, zikatoka nzuri ajabu. Garnet alikuja kuzichukua na akaangalia moja moja. Hakulia, lakini alivua kofia.

"Zimeokwa hizi za mbele?" akauliza. Alikuwa amesoma, mjanja yule.

"Saa nane kamili," nikasema.

Hiyo ilikuwa Aprili. Twende Mei, Alhamisi, siku mbili kabla ya gwaride.

Alhamisi hiyo hatukuwa na kazi nyingi, nikaamua kusafisha tanuri. Nikatoa trei, nikaingiza brashi mpaka nyuma kabisa. Kikatoka kipande kigumu, cheusi, cha ukubwa wa kidole gumba. Nikadhani ni gamba la chuma. Nikakisugua kwenye aproni nikaona mistari yake. Ilikuwa pembe ya pasti, na juu yake imechongwa C.

"Clem!"

Akaja anajifuta mikono. Nikamwonyesha. Akacheka, tena kicheko cha raha kabisa.

"Nimewaachia wale wadogo," akasema.

Babu zetu mgodini walikuwa wakitupa pembe ya pasti gizani, fungu la vijitu wanaokaa ndani ya mwamba, wasije wakawaangushia mawe. Mgodi umefungwa miaka mia moja sasa, lakini Clem bado anaacha pembe popote anapokula, kwenye gari, kwenye dirisha la benki, kila mahali. Mtu mzima huyo, ndugu yangu.

"Sikuulizi habari za vijitu. Nakuuliza pasti ilifuata nini humu?"

"Si nilipasha tu. Baba mwenyewe alikuwa anapasha."

"Baba alikuwa anapasha chuma kikishatoka!"

"Thora, ilikuwa baridi. Nilishusha moto kidogo zisiungue, dakika ishirini, basi."

"Ukaupandisha tena?"

Clem ana uso mwekundu, lakini niliuona ukibadilika. Nikamwacha amesimama pale, nikaenda kwenye msumari tunapotundika zile sahani za karatasi, nikazipekua moja moja kwa tarehe. Ya Jumanne ile nikaipata. Mstari wa wino ulipanda mpaka mia mbili, ukatembea vizuri mpaka saa sita mchana, halafu ukateremka mpaka tisini na kubaki pale pale, umenyooka, mpaka jioni. Saa mbili. Boliti za Garnet Rodda ziliokwa saa mbili tu, na baada ya hapo zilikuwa zinaota moto kama paka.

Niliisoma ile karatasi mara tatu. Nikakaa juu ya pipa.

"Labda ni nzima," Clem akasema. "Boliti ngapi zinavunjika? Zimefungwa tayari, zinang'aa. Jumamosi ni maili nne kuja na nne kurudi, mwendo wa ng'ombe. Wakimaliza gwaride tutamwambia polepole, tunataka kuziangalia tena..."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Atatumaliza, Thora. Mji mzima utajua. Nani ataleta tena hata bawaba ya kabati hapa?"

"Atakayekwisha ni yeye, mjinga wewe! Yeye na mama yake pembeni!"

Sikuwa nimepiga kelele hivyo tangu siku ya mazishi ya baba. Clem akarudi nyuma. Nikachukua ile karatasi, spana ya kupimia nguvu, na kipande cha chuma kinene chenye tundu, nikaingia kwenye gari. Sitajisifu kwamba niliondoka mara moja. Nilikaa mbele ya usukani dakika tano nzima nikitafuta njia ya kufanya alivyosema Clem bila kujiona kwamba nafanya alivyosema Clem. Niliogopa. Miaka arobaini kazi yangu haijarudishwa hata siku moja, na hicho tu ndicho nilichonacho, sina mume, sina mtoto, nina jina. Halafu nikawasha gari.

Garnet nilimkuta bandani. Pikapu ilikuwa imesimama kwenye magurudumu yake, kijani kibichi, inang'aa mpaka unaona uso wako. Alikuwa anang'arisha bamba la mbele kwa kitambaa. Nikamweleza. Sikuzunguka. Nikampa karatasi akaisoma kwa muda mrefu.

"Kwa nini moto ulishuka?"

"Clem alipasha pasti."

"Pasti."

"Ndiyo."

"Umekuja hapa Alhamisi," akasema, "gwaride Jumamosi, kuniambia nitoe boliti za mzee wangu kwa sababu ya pasti."

"Nimekuja kukwambia usilitembeze gari hili."

"Wewe uliniambia saa nane. Kwa mdomo wako. Saa nane kamili, ulisema."

"Nilisema."

"Nimeshaliendesha mpaka barabarani na kurudi mara sita. Halina hata mlio. Sitoi hata moja, Thora. Rudi kwako."

Kwenye mlango wa nyuma wa nyumba, Elva alikuwa amesimama na fimbo yake. Masikio ya mama yule hayajazeeka.

"Toa moja, Garnet," akasema.

"Mama, ingia ndani, kuna upepo."

"Upepo naujua tangu hujazaliwa. Toa moja, ailete huyu ndani tuione. Kama ni nzima ataona aibu, na mimi napenda kumwona Thora Kitto akiona aibu."

Akatoa moja, upande wa kushoto, huku anapumua kwa pua. Nikaipitisha kwenye kile chuma kinene, nikafunga nati, nikaikaza kwa spana mpaka kiasi kile kile inachokazwa kwenye gari. Nikamwambia: iache hivyo. Boliti nzima itakaa miaka mia. Yenye ugonjwa haivumilii. Ikiwa bado nzima Jumamosi asubuhi, nendeni, nami nitatembea nyuma ya gari kwa miguu nimejiandika mgongoni kwamba mimi ni mjinga.

"Utaandika kwa rangi gani?" Elva akauliza.

"Uchague mwenyewe."

Akataka iwekwe juu ya meza ya jikoni aione vizuri. Nikasema si salama, kichwa kinaweza kuruka. Akaleta chujio lake la bati la kuchujia viazi, akaifunika nalo. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Tukakaa. Kuna kazi nyingi shambani mwezi wa Mei, watu wanapanda shayiri, lakini Garnet alikaa, na mimi nikakaa, kila mtu upande wake wa meza, na chujio katikati. Elva akatupa chai na keki ya zafarani. Alituhadithia harusi yake, na sijui kama alituhadithia sisi au chujio. Siku ile mvua ilinyesha asubuhi, akasema, na Wes alikuwa ameweka marobota ya nyasi nyuma ya pikapu usiku uliopita akasahau kuyashusha. Wakatoka kanisani na marobota yao. Gauni lilikuwa refu, mlango ukafungwa juu yake, kipande kikabaki nje, kikaburuta matope njia nzima mpaka ukumbini.

"Hukumwambia asimame?" nikauliza.

"Alikuwa anaimba. Hakuwa na sauti hata kidogo, maskini. Nikasema ngoja amalize."

Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Saa nane Garnet akainua chujio, akachungulia, akalirudisha. Akanitazama. Nami, Mungu anisamehe, nilianza kuiombea ile boliti ivunjike. Halafu nikaona ninachoomba, nikaanza kuomba isivunjike, nikakosa pa kushika.

Saa tisa Garnet akasukuma kiti nyuma. "Basi. Saa nne zimepita. Umekuja kunitisha bure. Naenda kuirudisha mahali pake, na Jumamosi utatafuta rangi yako."

"Nilisema mpaka Jumamosi asubuhi."

"Sina mpaka Jumamosi asubuhi, nina gari la kupeleka mjini!"

Akanyoosha mkono kushika chujio. Kidole chake kilikuwa bado hakijaligusa. Tang! Chujio likaruka nusu inchi juu ya meza na kutua tena.

Garnet alikuwa ameushika mkono wake kifuani kama aliyeungua. Elva ndiye aliyeinua chujio. Kichwa cha boliti kilikuwa kimelala pembeni, cha dhahabu, kizuri vile vile, hakina hata mkwaruzo. Pale kilipokatikia palikuwa pa kijivu, chembechembe, mithili ya sukari.

"Na hii ndiyo ilikuwa inishike mimi?" Elva akauliza.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Lo."

Garnet akakichukua kile kichwa, akakigeuza. Aliponisemesha sauti yake ilikuwa ndogo. "Ukizioka sasa? Hizi kumi na moja?"

"Nyingine labda zingepona. Lakini zimeshakaa zimekazwa wiki tatu. Sijui ipi imeanza kupasuka ndani, na huwezi kujua kwa macho."

"Kwa hiyo zote."

"Zote."

"Wikendi hii siwezi kupata nyingine."

"Kuna mtu kule jimbo la Victoria anazo. Nimempigia njiani. Zitafika Jumanne."

Jumanne. Akaitikia kwa kichwa mara mbili tatu, akaweka kile kichwa cha boliti mfukoni mwa shati, akatoka. Tulimsikia bandani akiipandisha pikapu kwa jeki.

Elva akanimiminia chai nyingine ambayo sikuiomba. Akaniangalia vile alivyokuwa akiniangalia darasani mwaka sabini na moja.

"Clem alipasha pasti," akasema. "Moja?"

Nikashika kikombe changu.

"Verna hatengenezi moja, Thora. Anakutengenezea na wewe tangu alipoolewa. Yako ilikuwaje siku hiyo?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Hakuna ambaye angejua. Clem asingesema, Clem hajui hata kwamba kuna cha kusema.

"Ilikuwa ya moto," nikasema. "Nilirudi kutoka Kadina saa saba, ikawa ya moto. Karakana haina jiko, haina kitu kingine cha kupashia. Nilijua imetoka wapi. Nilikuwa na njaa, nikaila, sikuuliza. Ningegeuza shingo tu ningekiona kipimo."

"Ilikuwa tamu?"

"Tamu sana."

Akakoroga chai yake. "Haya. Sasa kamwambie na yeye."

Nikatoka nikamwambia. Alikuwa amelala chini ya pikapu, naona viatu tu, na spana inalia. Nilisema yote, nikiviambia viatu. Spana ikasimama kidogo.

"Ondoka, Thora," vikasema viatu.

Nikaondoka. Garnet hakuisambaza habari mjini, niseme ukweli wake. Niliisambaza mimi. Ijumaa niliwapigia simu watu tisa waliokuwa na boliti ngumu kwangu mwaka huo, nikawasomea karatasi zao tarehe kwa tarehe. Zao zote zilikuwa nzima. Wawili walikuja hata hivyo kuchukua makopo yao, na sikuwalaumu. Clem alikaa nyumbani, akasema tumbo.

Jumamosi sikuwa na nia ya kwenda popote. Saa nne asubuhi simu ikalia.

"Vaa kofia," Elva akasema. "Kofia nzuri, siyo ile ya kazi. Halafu njoo."

Pikapu ilikuwa bandani juu ya magogo, mbele haina magurudumu, vyuma vinaning'inia. Elva alikuwa ameketi ndani upande wa abiria. Alikuwa amevaa glavu nyeupe na kofia ndogo yenye wavu ambayo nadhani ilikuwa ya mwaka ule ule wa harusi. Mlango wake ulikuwa umefungwa, na kipande cha sketi kilikuwa nje. Sikuthubutu kuuliza kama ni bahati mbaya.

"Panda. Garnet anasema ni upuuzi, hataki kukaa na mimi."

"Na mimi nasema ni upuuzi."

"Wewe huna haki ya kusema kitu wiki hii. Panda."

Nikapanda upande wa usukani. Kutoka pale, upepo ukigeuka, tulisikia honi za mjini mbali sana, gwaride linaanza. Nikashika usukani kwa sababu sikujua pa kuweka mikono. Ulizunguka mwepesi kabisa, haukushika kitu.

"Polepole kwenye kona ya kanisa," Elva akasema. "Wes alikuwa anaikata vibaya."

Nikaikata kona ya kanisa polepole. Tukapita posta. Tukapita duka la Hosking, ambalo liliungua nikiwa na miaka kumi, na Elva akapunga mkono wenye glavu. Tulikwenda hivyo mpaka ukumbini, na tulipofika alifumba macho kidogo, akasema sasa Wes amemaliza kuimba. Nilitazama mbele tu, ukutani, palipotundikwa majembe.

Garnet akatokea mlangoni na trei. Hakuwa amenisemesha tangu Alhamisi. Alimpa mama yake pasti yake kupitia dirishani, akachukua yake, akaizunguka pikapu mpaka upande wangu, akasimama. Iliyobaki kwenye trei ilikuwa na T kwenye pembe, imechongwa vibaya, kwa mkono wa mtu asiyezoea. Mvuke ulikuwa unatoka.

Nikaiangalia, sikuishika.

"Umeipashia wapi?" nikauliza.

Garnet Rodda akanisogezea trei.

"Jikoni kwa mama," akasema.

Nikaipokea, nikala.